Marehemu Mwenye Kamera

3 Februari

Kwako Mpiga Picha,

Nimesoma kwenye ukurasa wako kwamba kazi ya harusi huipokei kwa simu. Unataka wahusika wakuandikie barua, wajieleze ni nani na wanataka nini, ndipo uamue. Nimelipenda hilo. Mimi kazi yangu ni kupima ardhi, sijazoea kuandika mambo ya moyo, basi uniwie radhi nikienda mrama.

Mimi na mchumba wangu tunataka kuoana kimya kimya. Hakuna ukumbi, hakuna kamati, hakuna msururu wa magari. Alhamisi tutasaini kwa msajili, na Jumamosi yake, tarehe tano Aprili, tutapanda ule mwamba ulio juu ya maporomoko na kula kiapo chetu pale kileleni. Tutakuwa mimi, yeye, mwongozaji wa kamba, na wewe ukikubali. Nimeziona picha zako za wapandaji. Kuna mzee mmoja amekaa ukingoni kabisa anafunga kiatu, na bonde lote liko chini ya kisigino chake. Nikasema huyu aliyepiga haogopi kimo wala hawaharakishi watu.

Nikueleze kwa nini tunatoroka. Upande wangu watu ni wengi na kila mmoja ana la kusema. Upande wake hakuna hata mmoja. Baba yake alifariki zamani, na miaka mitatu iliyopita mama yake na dada yake wa pekee walikufa siku moja kwa ajali ya gari. Hapendi kuyazungumza, nami simchokozi. Sikutaka asimame ukumbini huku viti vya upande wake viko vitupu. Mlimani hakuna viti.

Naambatanisha picha yetu tuliyopigwa mbele ya duka la miwani anakofanya kazi, uone vimo vyetu na rangi zetu, kwa ajili ya mambo yenu ya mwanga.

Wako,
Mpima Ardhi

11 Februari

Kitinda,

Barua hii naituma dukani kwako kwa sababu namba ya simu uliibadilisha na mpya hukunipa. Jina la duka nimelisoma kwenye kibao, katika picha niliyotumiwa na mchumba wako. Usishtuke. Ninaandika nikiwa hai.

Ameniomba nipige picha za harusi yenu. Ni barua nzuri, ya mtu mwenye adabu. Humo ndimo nilimojifunza kwamba mimi na Mama tulikufa kwa ajali ya gari. Sasa ningependa kuuliza mawili matatu, maana marehemu naye ana haki ya kujua habari za msiba wake. Gari lilikuwa la nani? Nani alikuwa anaendesha, ikiwa mimi sijui usukani na Mama akipanda gari hutapika kabla halijawashwa? Tulizikwa wapi? Watu walijaa?

Mama hajambo, ila miguu. Ile miaka yote ya kusimama kwenye sakafu yenye maji kule mochari sasa ndiyo inaonekana. Jioni hawezi kuvaa viatu. Kila asubuhi anauliza kama umepiga. Namwambia mtandao unasumbua. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyerithi uongo katika nyumba hii.

Sijamjibu mchumba wako. Nasubiri neno lako.

Dada yako

17 Februari

Dada,

Nimeisoma barua yako chooni na kuichana vipande vipande. Naomba usinidhihaki.

Sikuwa nimepanga. Siku ya kwanza tuliyotoka pamoja aliniuliza mama yangu anafanya kazi gani. Nikafungua kinywa niseme "yuko hospitali" kama siku zote, halafu najua swali linalofuata: ni nesi? Nikamkumbuka yule mwalimu. Wewe nilikuambia tuliachana kwa sababu ya uhamisho. Si kweli. Alipojua kwamba Mama anaosha maiti, alikiweka kijiko chini na chakula nilichompikia hakukigusa tena. Kisha akanishika mkono kama anayenibembeleza, akaunusa. Alidhani sikuona. Basi huyu aliponiuliza, nikasema amefariki. Neno moja tu. Na wewe ukafuata nyuma yake, maana ningekuacha hai angetaka kukuona, na akikuona ataona mlango wa kwetu.

Wewe ulikuwa hujali. Ulikwenda kumsaidia Mama, ukawa unawapiga picha wale maiti wasiojulikana ili polisi wawatafutie ndugu, unarudi nyumbani unanawa, unakula. Mimi shuleni nilikuwa nikipita wanaziba pua. Nilikuwa naoga mpaka ngozi inapauka. Mama alisema maneno ya watoto hayana meno. Yana meno.

Mkatalie. Mwambie tarehe hiyo una kazi nyingine. Nikishaolewa na kutulia, nitamweleza taratibu. Nakuapia. Na Mama usimwambie kitu.

Najua ulinilea. Usinikumbushe.

Mdogo wako

24 Februari

Kwa Mpima Ardhi na Mchumba wako,

Nimeikubali kazi yenu. Tarehe tano Aprili niko huru.

Tuanze kupanda alfajiri, ili tufike juu kabla jua halijawa kali. Mchana mwanga huchimba macho ya watu na bibi harusi ataonekana mgonjwa. Gauni likunjwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na libebwe mgongoni. Msilipige pasi, mikunjo itanyooka kwa upepo. Viatu viwe vya kupandia, vya harusi mviache nyumbani. Kofia ngumu na mikanda ya kamba mtavaa mpaka mwongozaji aseme mvue, na hapo ndipo nitakapopiga. Ikinyesha, tutasogeza siku. Mwamba ukilowa hauna adabu.

Bibi harusi wengi huja na ndugu wa kuwafunga gauni mgongoni. Kwa kuwa huyu hana, nitamfunga mimi. Pole kwa msiba.

Mpiga Picha

24 Februari

Kitinda,

Nimemkubalia, na nakala ataileta kwako jioni akiwa na furaha. Jifunze kufurahi naye.

Ningekataa angetafuta mwingine, nami ningeziona picha za harusi yako ukutani kwa mtu baki. Sitaki. Nitakuja kama mgeni, nitakuita bibi harusi, na siri yako sitaitoa. Mimi si mchongezi. Sharti langu ni moja: mwezi wa tano uje umwone Mama. Si lazima uje na mume. Njoo peke yako, ukae naye siku nzima, urudi zako.

Dada

1 Machi

Dada,

Sawa. Mwezi wa tano nitakuja.

Na mimi nina yangu. Usiniite Kitinda. Usinitazame kwa ile namna yako. Usicheke, unacheka kama mimi. Bahati nzuri sura mimi nimechukua ya Mama na wewe ya Baba, lakini kicheko ni kimoja. Akikuuliza kama una ndugu, sema huna.

Mdogo wako

14 Aprili

Dada (niruhusu nikuite hivyo),

Picha za mwanzo zimefika. Nimezitazama mpaka mke wangu ananicheka. Ile tunayoning'inia kwenye kamba, yeye amefumba macho na mimi nimemshika kiuno, nimeiweka ofisini juu ya ramani.

Kwanza nikuombe radhi kwa niaba yake. Sijui kwa nini alikuwa mkali kwako. Ulipomfunga gauni akasema mikono yako ina baridi, na ulipompa maji akasema ana yake. Hayuko hivyo. Nadhani ni kimo kilimtia hofu.

La pili ni lile nililokuficha hata wewe mpaka tulipofika juu. Yale mashada mawili niliyabeba kwenye mkoba wa kamba, moja la mama yake, moja la dada yake. Niliona si haki aolewe bila wao kutajwa. Nilipomwambia aseme neno kidogo kwa kila mmoja, nilidhani atakataa. Alipauka, kweli. Kwa mama alisema kidogo tu. Lakini kwa dada yake sikutegemea. Kumbe dada ndiye aliyekuwa akimsuka, ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyempiga yule mtoto aliyekuwa akiziba pua mbele yake shuleni, akafukuzwa wiki nzima na nyumbani hakusema sababu. Mambo hayo hakuwahi kuniambia. Nikageuka, nikakuona umeshusha kamera unafuta macho kwa mkono wa koti. Nikasema moyoni, huyu mtu ana utu. Ni msiba wa watu asiowajua, na analia.

Naomba picha ile ya mashada uikuze. Nataka kuitundika sebuleni.

Mpima Ardhi

20 Aprili

Kitinda,

Nimezikwa vizuri. Sina malalamiko.

Maneno yale hukuwahi kuniambia. Ilibidi nife kwanza. Lakini hayo si kitu, wengi husifiwa wakiwa jenezani. Kilichonichoma ni kwamba ulilia kweli. Mimi nayajua machozi yako ya uongo tangu ukiwa unaiba sukari, na yale hayakuwa hayo. Ulinitazama usoni, nimesimama karibu nawe kuliko mumeo, ukanililia. Kisha ukajifuta, ukaniuliza, "Mpiga picha, umeipata hiyo?" Nikajibu, "Nimeipata, bibi harusi."

Njiani tukishuka mumeo alikaa nyuma nami. Akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia sina. Akasema, "Basi wewe na mke wangu mko sawa." Anafaa huyo mtu. Sijui ulimpataje.

Mama nimemwonyesha picha. Usikasirike, ni za mkono wangu. Nimemwambia umeolewa, ilikuwa haraka, na kwa miguu yake mwamba ule asingeuweza. Alizitazama moja moja, anazisogeza mbali na macho ndipo azione. Akauliza gauni ulifungwa na nani. Nikasema mimi. Akasema, "Basi alikuwa na mtu wake." Akafika kwenye ile ya mashada. "Hapa wanamlilia nani?" Nikamwambia mnamkumbuka Baba. Akafurahi, akasema kumbe bado unamkumbuka, naye alikuacha ukiwa mdogo. Akaniomba ile nisiirudishe kwenye bahasha.

Mwezi wa tano ndio huo. Njoo.

Dada

9 Mei

Dada,

Picha imefika. Ameitundika mkabala na kiti changu, na kila mgeni akija anasimulia habari ya mashada. Dada zake wananikumbatia. Nakula nikiwatazama marehemu wangu ukutani. Ungeweza kumwambia imeharibika kwenye kamera. Kwa nini hukusema imeharibika?

Mwezi huu sitaweza. Mama mkwe amehamia kwetu, jicho lake lina mtoto wa jicho na anataka mtu wa kumshika mkono hata kwenda msalani. Mume wangu yuko kazini nje ya mji. Nikiondoka itaonekana namkimbia mgonjwa. Wewe unayaelewa mambo ya wakwe.

Kwani nilisema tarehe gani? Nilisema nitakuja.

Mdogo wako

2 Juni

Kitinda,

Mama amelazwa. Ni kifua, kilianza kama mafua. Yuko hospitali ile ile, wadi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Wenzake wa zamani wanapanda kutoka kule chini kumsalimia wakiwa na magwanda yao, na wagonjwa wengine wanageukia ukutani.

Anakuulizia. Hana maneno mengi, anauliza kama umekula. Daktari amenivuta kando akaniambia tusikawie kama kuna ndugu wa kuitwa. Njoo hata kwa siku moja. Mwambie mumeo umetumwa kufuata miwani.

Dada

11 Juni

Dada,

Barua yako imenikuta katikati ya mambo. Mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa jicho Jumanne na ni mimi ndiye niliyeandikwa kukaa naye. Madaktari nao hupenda kutisha watu. Hata Baba walisema atakufa usiku huo huo, akaishi mwaka mzima baadaye.

Namtumia Mama miwani ya kusomea. Ulisema anazisogeza picha mbali ndipo azione, basi hii itamfaa. Nimemchagulia fremu nyepesi isimwumize pua. Mvalishe, mwambie ni kutoka kwa Kitinda. Mwambie mwezi ujao nakuja, safari hii bila kukosa.

Usinichukie.

Mdogo wako

25 Juni

Kitinda,

Miwani imefika salama, haikuvunjika.

Mama ametoka hospitali. Kifua hakimsumbui tena, wala miguu. Analala vizuri. Hana maswali.

Usijihangaishe na safari. Mwuguze huyo uliye naye.

Dada

3 Septemba

Dada,

Nilipoisoma barua yako nilikaa chini ya kaunta nikalia kwa furaha, mteja akadhani nimefiwa. Niliona kama nimepewa muda mwingine. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mama mkwe amepona na amerudi kwake. Sasa naona nyumba ni yangu.

Nina habari. Ni mjamzito. Tumbo limeanza kuonekana na mume wangu ameshaanza kupima chumba cha mtoto kwa vifaa vyake vya kazini, utadhani anajenga daraja. Nimewaza sana siku hizi. Mtoto akizaliwa na sura ya Mama, nitasema ameitoa wapi? Nataka nimweleze mume wangu. Sijapata ujasiri, ila nataka. Nataka Mama amshike mjukuu wake kwa mikono ile ile. Siku hizi hata naiota, na kwenye ndoto haina harufu yoyote.

Mama anaendeleaje? Miwani anaivaa?

Mdogo wako

14 Septemba

Kitinda,

Hongera ya ujauzito. Kula vizuri.

Mama yuko pale pale, tangu mwezi wa sita hajasogea. Nimempandia maua pembeni, yanashika. Jumapili nakwenda kukaa naye na nimemweleza habari ya mjukuu. Miwani haivai.

Mumeo mweleze unapoona inafaa. Siku hizi hakuna haraka.

Dada

17 Novemba

Shemeji,

Sijui nianzie wapi. Nimeliandika hilo neno "shemeji" na kulitazama.

Ameniambia. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa sakafuni chini ya ile picha, akasema, "Mama yangu yu hai, na dada yangu ndiye aliyetupiga picha." Nilidhani ni homa ya mimba. Aliponieleza yote nilitoka nje nikatembea hadi giza likaingia. Shemeji, nilikufanya usimame kwenye mazishi yako mwenyewe, nikakuomba uyapige picha, tena nikakulipa. Nikiyafikiria hayo natamani ardhi inimeze, na mimi ardhi ndiyo kazi yangu.

Nimemsamehe, ila si kirahisi. Nilimwuliza, "Na hili la sasa nitajuaje kama si uongo mwingine?" Akaapa kwa mtoto aliye tumboni kwamba Mama yu hai, yuko kwako, ila miguu haina nguvu, na kwamba kilichomzuia kwenda kumwona ni kuniogopa mimi. Nikamwambia ukinifika uongo mwingine wa namna hii, mimi na yeye basi. Mtoto tutamlea kila mtu kwake. Akasema hautafika. Nimemwamini.

Habari ya kuosha maiti ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Baba yangu alipofariki kuna mtu alimwosha, akamkata kucha, akamvalisha suti yake tukamkuta kama aliyelala. Hatukumuuliza hata jina. Mtu wa namna hiyo ndiye nifichwe?

Tunakuja Jumamosi hii. Nimenunua kiti cha magurudumu, kizuri, kinakunjika. Nimeangalia njia ya nyuma ya maporomoko, ile ya watalii, inapitika kwa kiti mpaka karibu na juu. Nataka Mama apaone tulipoolewa. Pakibaki padogo nitambeba mgongoni.

Mke wangu ameomba usimwambie Mama. Anataka amshtukize.

Shemeji yako,
Mpima Ardhi

19 Novemba

Kitinda,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi aifikishe dukani mkononi mwako, uipate kabla ya Jumamosi.

Mama alifariki tarehe nane Juni, saa za kubadilishana zamu. Tulimzika siku ya pili yake. Ulipokaa kuniandikia habari za jicho la mkweo, udongo ulikuwa umeshakauka juu. Walimwosha wenzake wa mochari. Walinitoa nje, kisha yule mkubwa wao akafungua mlango akasema, "Njoo umalizie miguu, alikuwa anailalamikia." Nikaimalizia. Ilikuwa imepungua uvimbe.

Mpaka siku ya mwisho aliamini u njiani. Nilimwambia umekwama kwa sababu ya barabara. Akasema usiendeshwe haraka.

Miwani yako ilifika nikiwa narudisha viti vya msiba kwa majirani.

Zisome tena barua zangu, kama hukuzichana. Hakuna uongo ndani yake. Nilisema ametoka hospitali, alitoka. Nilisema analala. Kukuandikia habari yenyewe nilijaribu. Nilikata karatasi nzuri, nikaandika "Mama", nikabaki hapo. Nikakumbuka mlivyosimama pale juu mkaweka shada la mtu ambaye saa hiyo hiyo yuko jikoni kwangu anachambua mchele. Miaka mitatu alikuwa na mwana asiyepatikana, naye anangoja simu. Nikaona na wewe kaa kidogo na mama asiyepatikana, umpangie safari, umchagulie fremu, umwahidi mjukuu. Nilizisoma barua zako na kucheka kile kicheko chetu. Halafu ukaandika ile ya mikono yake, kwamba unaiota. Pale ilinishinda kucheka. Lakini bado nikajibu vile nilivyojibu, na sitajifanya kwamba mkono uliteleza.

Nilidhani ningefurahi zaidi.

Mumeo amenishinda. Nimekaa na barua yake mbele yangu tangu jana. Ungempa mtu huyu ukweli siku ile ya kwanza, angekuja siku hiyo hiyo kumbusu Mama mkono. Angekuwa na mama mkwe tangu siku hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua. Wewe ulificha afya.

Barua yake sitaijibu. Nimewasemea watu vya kutosha: Mama kwako, wewe kwa Mama, mimi mwenyewe kwa mumeo. Jumamosi nitakuwa nyumbani, mkija nitafungua, msipokuja nitajua kwa nini. Ukitaka ushahidi, mwonyeshe barua hii. Ila humu atasoma pia kwamba mwezi wa sita uliitwa hospitalini na hukuja, na najua hilo hukumwambia, maana ameniandikia kwamba ulizuiwa na kumwogopa yeye.

Ulimwambia Mama amekufa, akaamini, akabeba mashada mpaka kileleni. Ukamwambia Mama yu hai, ukaapa kwa tumbo lako, akaamini, akanunua kiti. Sasa nenda nyumbani kabla hajakipakia garini, umwambie Mama amekufa.

Dada yako